Sahani Iliyorudi Mapema

Watu wa Tabora tunapenda siku kuu, na mimi siku kuu zimenichosha. Nasema hivyo nikiwa juu ya kigoda, beseni la unga katikati ya miguu, magoti yananiuma, na wajukuu wanapita kila dakika kuuliza kama visheti vimeiva. Havijaiva. Hata kuvikunja sijaanza. Kila mwaka najiapiza kwamba safari hii nitanunua vya dukani kama wafanyavyo wenzangu, na kila mwaka, mfungo ukiingia kumi la mwisho, najikuta natafuta iliki.

Juu ya kabati la vyombo, nyuma ya birika, ipo sahani ya maua ambayo wajukuu wamekatazwa kuigusa. Wanadhani ni kwa sababu ya uzee wake. Waache wadhani hivyo. Mama aliolewa na sahani sita za namna hiyo, zenye ukingo wa bluu na maua mekundu katikati. Tano zilivunjika kama zinavyovunjika sahani za watu wote. Hii moja haikuvunjika, na siku nyingine natamani ingevunjika.

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Ng'ambo, ya matofali ya udongo na bati lililochakaa. Barazani palikuwa na cherehani ya baba. Baba alipenda kuwasimulia wateja kwamba babu yake alikuja na msafara kutoka pwani, kichwani mzigo wa vitambaa, wanaelekea Ujiji. Walipofika hapa akatua mzigo, akakaa chini, akasema yeye amechoka. Wenzake wakaendelea na safari, yeye akabaki. Akaoa huko Kwihara, akajenga, akazaa. "Sisi ni kizazi cha mtu aliyechoka," baba alimalizia, na wateja wakacheka huku wakipimwa mabega. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mzaha tu. Siku hizi namwelewa sana yule mzee.

Siku kuu kwetu zilikuwa kazi kabla hazijawa furaha. Uhuru ulipopatikana nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza chuo cha Kurani, na ninachokumbuka si hotuba. Nakumbuka baba akishona bendera mpaka vidole vikamvimba, na nyumba nzima ikajaa vipande vya kijani na vyeusi. Mama aliviokota akavishindilia ndani ya mto, na mto huo nililalia miaka mingi. Idi ilikuwa hivyo hivyo. Kumi la mwisho la mfungo baba hakuinua kichwa kwenye cherehani, kwa sababu kila mzazi wa Ng'ambo na Gongoni alitaka kanzu au gauni na wote walileta vitambaa dakika za mwisho. Mama naye alikuwa jikoni kutwa, amefunga, midomo imemkauka, anakanda unga wa visheti. Mimi kazi yangu ilikuwa kuvikunja juu ya kitana kipya, kile kisichowahi kugusa nywele, ili vipate mistari. Kisheti kisicho na mistari mama alikirudisha kwenye beseni.

Upande wa pili wa barabara alikaa shoga yake mama. Alikuwa mwanamke mrefu, Mnyamwezi, Mmoravian, mwimbaji wa kwaya, na sauti yake ya kuitia watoto ilikuwa ile ile ya kuimbia kanisani. Mume wake alikuwa balozi wa nyumba kumi. Alikuwa na watoto wawili wadogo, na kaka yake alitundika mizinga porini, kwa hiyo nyumbani kwake asali haikukosekana. Kila asubuhi alifungua mlango, akajinyoosha, akapaza sauti, "Mwangaluka!" Mama, aliyekuwa mtu wa mjini na Kinyamwezi chake kibovu, alimjibu vivyo hivyo kutoka uani kwetu, na siku ikaanza. Kama mmoja wao hakusalimu asubuhi, mwingine alivuka barabara kuangalia kuna nini.

Mama alipojifungua mdogo wangu wa mwisho na mtoto asiishi, yule shoga alikuja kwetu siku arobaini mfululizo. Alipika, alifua, alimkanda mama kwa maji ya moto. Mimi nilimwona mara moja akiwa amekaa pembeni ya kitanda, ameshika mguu wa mama tu, kama mtu anayezuia kitu kisichukuliwe na upepo. Tangu hapo nilimpenda, na sioni haya kusema.

Sasa nieleze habari ya sahani, maana bila hiyo mengine hayana maana. Idi yao ya kwanza wakiwa majirani, mama alipeleka visheti kwenye sahani ya maua. Sahani haikurudi siku ile wala wiki ile, na mama hakuiulizia. Katika mtaa wetu sahani ya siku kuu hairudishwi kwa kuoshwa tu. Inakaa kwa aliyeipokea, inasubiri siku kuu yake. Krismasi ilipofika ikarudi imejaa kashata za karanga zilizopikwa kwa asali, ngumu, za rangi ya kahawia, zenye kung'ang'ania meno. Idi ikaenda tena, Pasaka ikarudi. Mwaka mzima sahani ilikuwa njiani, na ilifika mahali hakuna aliyekumbuka kwamba ni ya nani hasa.

Sahani tupu ilikuwa jambo jingine. Mtu akikurudishia sahani yako imeoshwa, nyeupe, kabla ya siku kuu yake kufika, amekwambia kwamba yamekwisha: usipige hodi kwangu, nami sipigi kwako. Mtaa wa nyuma walikuwapo wanawake wawili waliokatana namna hiyo. Mmoja alipofiwa, mwenzake alileta mzigo wa kuni, akautua nje, akageuka. Sisi watoto tuliyajua hayo kabla ya kujua kusoma.

Mwaka ninaousema ulikuwa mwaka ambao Idi na Krismasi ziliangukia wiki moja. Azimio lilikuwa limeshatangazwa, na barazani kwa baba watu walizungumza vijiji vya ujamaa kutwa: nani anakwenda, nani anajifanya haendi. Balozi wetu alisema hadharani kwamba kiongozi hawezi kuwaambia watu waende kulima pamoja huku yeye amekaa mjini, na kwamba yeye na familia yake watahamia kijiji kipya kilichokuwa kinafunguliwa porini, mbele ya Sikonge. Watu walipiga makofi. Ila ilisemwa ni baada ya mavuno, na mavuno yalikuwa mbali, kwa hiyo hakuna aliyeanza kuaga. Mama alisema watu wa siasa husema mengi. Alisema hivyo mara nyingi mno, nikajua ana hofu.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kali. Zilikata reli, gari moshi likakwama huko mbele, na sukari ikatoweka madukani siku chache kabla ya Idi. Visheti bila shira, ile sukari iliyochemshwa ikawa nzito, ni biskuti tu, na mama hakuwa mtu wa kupeleka biskuti. Akachukua asali yote tuliyokuwa nayo, tuliyoletewa na yule yule shoga, akaniambia niichemshe nitengenezee shira. Mimi niliichemsha vibaya. Shira ya sukari hukauka ikawa nyeupe juu ya kisheti, lakini hii yangu ilibaki inanata, nyeusi nyeusi, visheti vikashikana kama watoto wanaoogopa. Mama alivitazama. Mwili wote ulikuwa umemwishia nguvu, mwezi mzima amefunga na kusimama. "Basi," akasema, "peleka hivyo hivyo. Yeye si mtu baki."

Nilivuka barabara siku ya Idi na sahani ya maua mikononi, nimevaa gauni jipya, na visheti vyangu vibaya. Alinipokea kwa vigelegele kama kila mwaka. Nilimkabidhi nikakimbia, kwa sababu sikutaka kumwona anavionja.

Siku mbili baadaye, mchana, mama alikuwa amekwenda Gongoni kwa dada yake, na baba alikuwa ameshinda msikitini. Nilikuwa nasugua sufuria za Idi kwa majivu nikasikia hodi. Alikuwa yeye. Kwa kawaida hakupiga hodi, aliingia tu akiwa anaongea. Kilemba kilikuwa kimemlegea na mikono ilikuwa na vumbi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mama yupo?"

"Hayupo. Kaenda Gongoni kwa mama mkubwa."

"Atarudi saa ngapi?"

"Jioni, huko magharibi."

Akasimama. Alitazama cherehani ya baba, akatazama uani kwetu, akatazama beseni nililokuwa naoshea. Kisha akafungua kanga aliyojitanda akatoa sahani ya maua. Imeoshwa. Tupu. Ilikuwa safi kuliko nilivyopata kuiona.

"Mpe sahani yake," akasema. "Mwambie nimeileta mwenyewe."

"Nimwambie nini kingine?"

"Basi. Akiiona atajua."

Akaniwekea mkono kichwani, akaondoka. Nilibaki nimeishika ile sahani. Krismasi ilikuwa bado siku mbili. Sikuhitaji mtu kunieleza. Nilijua kabisa sababu: ni visheti vyangu. Asali alitupa yeye mwenyewe, nasi tukamrudishia uchafu unaonata, akaona amedharauliwa. Nilimfikiria mama akirudi amechoka kutoka Gongoni, akipokea sahani tupu. Nilifikiria asubuhi isiyo na "Mwangaluka". Nilifikiria ule mguu wa mama kitandani, na nani ataushika siku nyingine. Nikaona siwezi. Basi nikafanya ambacho mtoto mwenye akili nyingi na hekima kidogo hufanya: nikaamua kuijaza mimi.

Karanga zilikuwapo. Asali haikuwapo, maana nimeshaeleza ilikoishia. Isipokuwa chupa moja tu, iliyosimama kwenye rafu juu ya kitanda cha baba. Hiyo ilikuwa asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma. Ni nyepesi kama maji, ina uchachu, na kwetu si chakula, ni dawa. Baba alikuwa na kifua kibovu kwa ajili ya vumbi la vitambaa, akinywa kijiko kimoja akiamka na kimoja akilala. Nilimimina karibu nusu ya chupa kwenye sufuria. Halafu nikajazia maji kwenye chupa, nikaitikisa, nikairudisha.

Nilikaanga karanga, nikapukuta maganda, nikazitia kwenye asali ikichemka. Nilikoroga mpaka kiganja kikanitoka malengelenge. Haikushika. Asali ya nyuki wakubwa ungekuwa umeshaimwaga kwenye sinia na kuikata vipande, lakini hii ilikaa tu inatokota. Magharibi ilikuwa inakaribia. Nikaimwaga kwenye sahani ya maua hivyo hivyo, uji wenye karanga, nikaufunika kwa kawa.

Mama aliporudi nilimwambia shoga yake kaleta sahani.

"Mapema hivi?" akauliza. "Krismasi si keshokutwa?"

"Kasema Krismasi atakuwa na wageni wengi, akaona bora alete kabisa."

Akafunua kawa. Akatazama. Akachukua kijiko, maana kwa vidole isingewezekana, akatia mdomoni na kutafuna polepole. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Baba naye akaonja, akakunja uso. "Mbona kashata zinamwagika?" akasema. "Na huu uchachu wa nini?"

"Asali ya mwaka huu imeingia mvua," mama akamjibu. Akachota tena. Alikula vijiko vitatu au vinne, bila haraka, huku akiangalia chini. "Shoga yangu anajua kupika," akasema, akafunika kawa.

Nilikwenda kulala nikijisifu. Nilijiona nimeokoa nyumba mbili.

Asubuhi yake, jua limeshapanda, lori la wilaya lilisimama upande wa pili wa barabara. Kumbe lilipatikana ghafla, na waliambiwa kama ni kwenda ni sasa, mvua imeshaanza na mashamba hayasubiri. Kufumba na kufumbua vitanda vilikuwa nje, magodoro, kinu, matenga ya kuku. Majirani wakamiminika. Nilikimbia jikoni.

"Mama, wanahama! Shoga yako anahama!"

Mama alikuwa amenipa mgongo, ameinama kwenye kigoda. Hakugeuka.

"Nina unga mikononi," akasema.

"Lakini mama, lori linaondoka."

"Nimekwambia nina unga mikononi. Nenda wewe."

Nikaenda. Shoga alikuwa ameshapanda, amekaa juu ya godoro lililofungwa, mtoto mdogo mapajani. Watu walimwita kutoka huku na huku, akawajibu, lakini macho yake yalikuwa juu ya kichwa changu, kwenye mlango wetu. Aliutazama mlango ule mpaka dereva alipowasha moto. Nilimpungia. Aliinua mkono, ukafika nusu, akaurudisha kwa mtoto. Lori likaondoka na matope yake.

Niliporudi jikoni mama alikuwa amekaa vile vile, mikono juu ya magoti. Mikono ilikuwa mikavu. Hapakuwa na unga, wala beseni, wala moto jikoni.

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

"Haya. Chukua fagio, uani kuchafu."

Krismasi ile kengele za kanisa zililia kama kawaida, na nyumba ya mbele yetu ilikuwa na kufuli. Mama aliiosha sahani ya maua akaiweka juu ya kabati, nyuma ya birika. Idi zilizofuata alipeleka visheti kwa majirani wote kwenye sahani nyingine, za bati. Tulipata majirani wapya upande wa pili, watu wazuri, nao akawapelekea. Lakini asubuhi hakuna aliyempigia mwenzake kelele kuvuka barabara. Mama alianza kuzeeka mwaka ule, na mimi nilikuwa naangalia. Nilijua ni kwa sababu shoga aliondoka bila kuaga. Nilimkasirikia yule mwanamke kwa hilo, na nilimkasirikia miaka mingi, kwa sababu hasira ilikuwa rahisi kubeba kuliko lile jingine, la kujilaumu mwenyewe.

Nikakua, nikawa mwalimu. Zilikuwa siku za kisomo cha watu wazima, na sisi walimu wapya tulitumwa vijijini kuwasimamia wanaofundisha wazee kuandika majina yao. Ulikuwa uchovu wa kila aina: kupanda malori ya tumbaku, kulala kwenye madarasa, kula ugali wa mtama kwa mlenda kutwa mara mbili. Nilipopangiwa vijiji vya mbele ya Sikonge nilijua nitamkuta, nikakaza uso kabla sijafika.

Nilimkuta kwenye benchi la mbele, daftari mapajani, kalamu ameishika kama kisu. Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Alinitambua kabla sijamsalimu. Baada ya somo alinichukua kwake, akanikaribisha kwenye kigoda, akaniuliza habari za baba, za cherehani, za mtaa. Mwisho akauliza, "Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Nilimkosea nini?"

Nikamtazama. Nilikuwa nimekuja na swali hilo hilo, nimelibeba kutoka Tabora, yeye akaniwahi.

"Uliondoka bila kuaga," nikasema. "Na kabla ya hapo ulirudisha sahani tupu."

"Mwanangu, siku ile ndiyo tulikuwa tumeambiwa lori linakuja kesho yake, na kwetu mtu hahami na chombo cha mwenzake. Ukihama nacho unamhamishia nyumba yake. Nilikuja nimwage machozi na mama yako, nikakukuta wewe. Ningekwambiaje mtoto jambo kama lile, ukamwambie mama yako mlangoni? Nikaona nimwachie sahani. Nilisema moyoni, huyu akiiona tupu hatavumilia hata dakika. Atavuka barabara, hata kama ni kunigombeza. Nikamngoja. Nilipika chai, nikaiweka, nikamngoja mpaka ikapoa."

Nilimweleza yote, visheti, karanga, chupa ya baba. Hakunikemea. Alicheka kidogo pale niliposema maji niliyojazia kwenye chupa, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nilipoondoka alinipa chupa ya asali, nzito, ya nyuki wakubwa. "Mwambie bado nipo," akasema.

Nilifika nyumbani Idi imekaribia. Mama alikuwa jikoni, kama kawaida. Nilikaa chini mbele yake nikatubu kila kitu, mwanamke mzima naongea kama mtoto wa chuo. Alinisikiliza bila kuacha kukunja visheti. Nilipomaliza akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ilikuja tupu. Wewe unadhani mimi sijui ladha ya asali ya kifua cha baba yako? Nilimnywesha mimi kila siku. Na ile chupa uliyojaza maji niliimwaga, asije akaharisha."

"Sasa kwa nini hukuvuka, mama?"

Kitana kikasimama mkononi. "Kwa sababu niliona nimekatwa," akasema. "Na nikaona mtoto wangu ameona aibu yangu akaifunika. Nikasema basi, nami nitaifunika. Nilikula ule uji wako nikashiba. Ungenipa tupu ningekwenda kumgombeza, Mungu anajua. Lakini ulinipa kisingizio cha kukaa, na nilikuwa nimechoka, nikakaa."

Hapo ndipo nilipolia. Yeye hakulia. Aliionja asali niliyoileta, akafumba macho, akasema hii ndiyo yenyewe. Halafu akanyoosha kidole kabatini. "Lete ile sahani. Utanipeleka. Nataka nimpe mkononi."

Na mimi, naandika haya nione nilivyokuwa, nilimjibu: "Siku kuu ipite kwanza, mama. Nimechoka." Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimetoka safari wiki tatu, miguu imevimba, sikuwa na nguvu hata ya kufikiria lori jingine. Akasema haya. Alinionea huruma. Siku kuu ikapita, ikaja mitihani ya shule. Baada ya mitihani mvua zikafunga barabara ya Sikonge. Barabara ilipofunguka nilikuwa nimeposwa, na harusi nayo ni kazi. Kila mara mama aliuliza kwa sauti ndogo, na kila mara nilikuwa na sababu nzuri.

Mwaka uliofuata, kumi la mwisho la mfungo, mama alisema Idi hii tunakwenda, nimechoka au sijachoka. Sahani ilishashushwa, imepanguswa, imewekwa mezani. Yeye alikuwa anakanda unga wa visheti vya kupeleka, kwa mikono yote miwili, mpaka kwenye viwiko. Hodi ikabishwa. Alikuwa mwalimu mwenzangu wa kisomo aliyekuwa akitoka vijijini, amepitia kuniamkia. Akamwamkia na mama, akakaa, akatoa salamu za watu, na katikati ya salamu akasema yule mama mrefu wa benchi la mbele, yule mwimbaji, walimzika mwezi uliopita. Alisema alikuwa ameshajua kuandika jina lake lote.

Mgeni alipoondoka mama alibaki amesimama juu ya beseni. Machozi yalikuwa yanamtoka, yanafika kidevuni, yanadondokea kwenye unga, naye hakuyafuta. Nilimwambia, "Mama, jifute." Akainua mikono akanionyesha, viganja juu, vidole vimegandamana.

"Siwezi," akasema. "Nina unga mikononi."